Vipindi vya Bili katika Mikataba ya Huduma Isiyo na Ukomo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wateja na wafanyabiashara wadogo huyarudia kuhusu huduma zinazolipiwa kila mwezi, kila robo mwaka au kila mwaka bila mkataba kuwa na tarehe ya mwisho: intaneti ya nyumbani, programu ya uhasibu, ukumbi wa mazoezi, ulinzi wa nyumba, uzoaji wa taka. Viwango vya ada vilivyotajwa ni vya mfano tu, viko katika shilingi, na havina kodi ndani yake isipokuwa pale kodi yenyewe inapozungumziwa.

## Misingi

1. Mkataba usio na ukomo una tofauti gani na kifurushi cha kulipia kabla?

Mkataba usio na ukomo unaendelea mpaka upande mmoja utoe notisi ya kuumaliza. Hauna siku ya kuisha na hauhitaji kuhuishwa. Kifurushi cha simu cha siku 30, au umeme wa LUKU, ni kitu kingine kabisa: mtu hununua kiasi fulani, kikaisha au muda wake ukapita, na baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake. Asiponunua tena, atakosa huduma tu, wala hatakuwa na deni.

Mkanganyiko mwingi unaanzia hapa. Wateja wengi wa Afrika Mashariki wamezoea kulipia kabla, kwa hiyo hata wanapotia saini mkataba wa huduma huchukulia kila malipo kuwa ununuzi mpya. Mkataba ni mmoja tangu siku ya kwanza, na kipindi cha bili ni kipimo cha kuhesabia deni ndani yake. Malipo hayauhuishi mkataba, na kutolipa peke yake hakuumalizi (swali la 9 na la 16).

2. Kwenye ankara yangu kuna tarehe tatu tofauti. Ipi ni ya kipindi cha bili?

Chukua ankara yenye maneno haya: imetolewa 1 Septemba, huduma ya 5 Septemba hadi 4 Oktoba, mwisho wa kulipa 12 Septemba. Kipindi cha bili ni hiyo mistari ya katikati, yaani siku 30 za huduma ambazo ada inazilipia. Tarehe ya kutolewa inaonyesha siku karatasi ilipoandikwa, na mwisho wa kulipa unaonyesha siku ambayo deni linaanza kuhesabiwa kuwa limechelewa. Hizi mbili zinaweza kusogezwa na mtoa huduma bila kipindi chenyewe kuguswa.

Baadhi ya mifumo huandika "5 Septemba hadi 5 Oktoba" kwa kipindi kilekile. Hapo tarehe ya pili haimo ndani ya kipindi. Ni siku kinapoanza kinachofuata. Ukiona 5 Oktoba imejitokeza kwenye ankara mbili, usikimbilie kudai kwamba umetozwa siku hiyo mara mbili kabla ya kuhesabu siku. Hata hivyo, mtoa huduma anayeandika kwa namna ya kwanza anajiepusha na simu nyingi.

3. Tarehe ya msingi ni ipi, na nani huichagua?

Ni siku ambayo vipindi vyote vinahesabiwa kutoka kwayo. Mara nyingi ni siku huduma ilipoanza au siku ya malipo ya kwanza, na mkataba unapaswa kusema ni ipi kati ya hizo. Tofauti si ndogo: mteja aliyesaini tarehe 3, akaunganishwa tarehe 11 na kulipa tarehe 14 anaweza kuwa na tarehe ya msingi yoyote kati ya hizo tatu, na kwa maoni yetu ya haki ni ile ya 11, kwa sababu ndiyo siku alipoanza kupata anachokilipia.

Kama kulikuwa na majaribio ya bure, tarehe ya msingi kwa kawaida huwa siku ya kwanza baada ya majaribio. Aliyejiunga 20 Agosti kwa majaribio ya siku 14 anajaribu bure hadi mwisho wa 2 Septemba, na vipindi vyake vinaanza 3 Septemba.

4. Kwa nini bili ya maji huja baada ya kutumia, lakini ya intaneti huja kabla?

Bili ya maji inategemea usomaji wa mita, na hakuna anayeweza kujua utatumia yuniti ngapi mwezi ujao. Kwa hiyo mamlaka ya maji, kama DAWASA kwa Dar es Salaam, husoma mita kwanza na kudai baadaye. Ada isiyobadilika inajulikana mapema, na mtoa huduma huidai mwanzoni mwa kipindi.

Zipo huduma zenye vyote viwili, yaani ada ya msingi pamoja na matumizi ya ziada. Ankara ya huduma hizo hubeba vipindi viwili kwa pamoja: ada ya mwezi unaoanza na ziada ya mwezi uliokwisha. Ankara ya mwisho baada ya mkataba kumalizika ndiyo inayowashangaza watu, kwa kuwa huja wakati huduma imeshakatwa, ikiwa na matumizi ya kipindi cha mwisho pekee. Si kosa, mradi tarehe zake zinaonekana.

## Urefu wa kipindi

5. "Kila mwezi" ni siku 30?

Si lazima, na hili linagusa mfuko moja kwa moja. Mwezi wa kalenda una siku 28 hadi 31, na mwaka una bili 12. Kipindi cha siku 30 ni kifupi kuliko wastani wa mwezi, kwa hiyo bili 12 zinafunika siku 360 tu. Mteja aliyeanza 1 Januari 2025 kwa vipindi vya siku 30 alilipa tena 31 Januari, kisha 2 Machi: malipo mawili Januari, hakuna Februari. Kufika 27 Desemba alikuwa analipa mara ya 13 ndani ya mwaka uleule.

Kipindi cha siku 28 kinaongeza pengo. Kampuni za simu nchini Italia zilihama kutoka bili ya mwezi kwenda bili ya kila wiki nne huku kiwango cha ada kikibaki kilekile kwenye karatasi, na kwa kuwa wiki nne huingia mara 13 katika mwaka, mteja alilipa zaidi ya asilimia 8 juu ya alichokuwa akilipa. Mamlaka ya mawasiliano ya huko, AGCOM, iliingilia kati mwaka 2017, na mwezi Desemba mwaka huohuo sheria ikazitaka kampuni zirudi kwenye mwezi. India nayo, Januari 2022, mdhibiti wa mawasiliano TRAI aliagiza kila kampuni iwe na angalau mpango mmoja wa siku 30 na mwingine unaohuishwa tarehe ileile ya kila mwezi, baada ya malalamiko ya wateja kuhusu vifurushi vya "mwezi" vilivyokuwa na siku 28.

Hakuna ubaya wa kutoza kwa siku 30 au 28 ikiwa mkataba unasema hivyo waziwazi. Ubaya uko kwenye kuandika "kwa mwezi" katika tangazo na "siku 28" katika masharti. Pwani, ambako watu wengi wanaishi kwa kalenda mbili, afadhali mkataba uandike "mwezi wa kalenda" kwa ukamilifu, kwani miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 au 355.

6. Nilijiunga tarehe 31. Miezi isiyo na tarehe 31 inakuwaje?

Kanuni inayotumika na mifumo mingi ya malipo ni kwamba, mwezi ukikosa tarehe ya msingi, bili huangukia siku ya mwisho ya mwezi huo, na mwezi unaofuata hurudi kwenye tarehe yake. Aliyeanza 31 Januari 2025 atatozwa 28 Februari, 31 Machi, 30 Aprili, 31 Mei.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mfumo kuhesabu kila kipindi kutoka kwa kilichotangulia badala ya kukihesabu kutoka tarehe ya msingi. Hapo bili inatoka 31 Januari kwenda 28 Februari, kisha 28 Machi, 28 Aprili, na haitarudi tena kwenye 31. Februari moja imetosha kumnyang'anya mteja siku tatu za huduma aliyoilipia Machi. Kwa mteja mmoja ni kiasi kidogo. Kwa kampuni yenye maelfu ya wateja waliojiunga mwisho wa mwezi ni fedha ambazo mkaguzi atazihoji. Ankara ikionyesha tarehe zinazosogea nyuma hivyo, una haki ya kudai marekebisho, na ushahidi uko kwenye ankara zenyewe.

7. Na bili ya robo mwaka, au ya mwaka iliyoanza 29 Februari?

Kanuni ni ileile ya swali la 6. Robo mwaka iliyoanza 30 Novemba inafika 28 Februari (au 29 katika mwaka mrefu), kisha inarudi 30 Mei. Mkataba wa mwaka ulioanza 29 Februari 2024 unatozwa 28 Februari mwaka 2025, 2026 na 2027, na 29 Februari mwaka 2028.

8. Kipindi kinaanza saa ngapi? Nililipa usiku na mfumo ukaandika jana.

Kwa matumizi ya bili, siku huanza saa 6 kamili usiku. Wengi wetu tukisema "usiku wa tarehe 1" tunaweza kumaanisha usiku wa kuamkia tarehe 1 au usiku unaofuata mchana wake, na mawakala wa huduma kwa wateja hawaelewani kati yao. Katika mawasiliano ya maandishi taja tarehe na saa.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Mifumo mingi ya malipo hutunza saa kwa wakati wa dunia, ambao uko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Ukilipa Dar es Salaam saa 8 usiku, 1 Machi, kwenye mfumo huo ni saa 5 usiku, 28 Februari. Siku ya mfumo hubadilika saa 9 usiku kwa saa zetu. Mtoa huduma makini huweka saa za eneo la mteja kabla ya kuamua kama malipo yamechelewa. Na kama ana wateja Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, akumbuke kwamba wao wako nyuma ya Nairobi kwa saa moja.

## Kulipa, kuchelewa na kulipa mapema

9. Nimechelewa kulipa siku tisa. Je, mwezi wangu unaanza siku niliyolipa?

Katika mkataba usio na ukomo, hapana. Kama kipindi ni 5 Septemba hadi 4 Oktoba na umelipa 14 Septemba, umelipa deni la kipindi hicho, na bili inayofuata itakuja 5 Oktoba. Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na mara nyingi kwa hasira, kwa sababu mteja hulinganisha na kifurushi cha simu au king'amuzi ambacho siku zake huanza pale anapolipia.

Ugumu unakuja ikiwa huduma ilikatwa katika siku hizo tisa. Je, unalipia siku ambazo hukupata kitu? Jibu linategemea mkataba, na mikataba iko ya aina mbili. Mingine husema ada ni ya kuweka huduma tayari kwa ajili yako, hivyo siku za kukatwa zinahesabiwa. Mingine husimamisha hesabu tangu siku ya kukatwa hadi ya kurudishwa na kupunguza ada kwa uwiano wa siku. Sisi tunaona aina ya pili ni ya haki zaidi, na inamfaa hata mtoa huduma: anayemtoza mtu kwa siku tisa za giza humfundisha kuondoka. Lakini kama umesaini aina ya kwanza, malalamiko hayatabadilisha ankara. Jadili kabla ya kusaini.

Siku za nyongeza za kulipa, ambazo watoa huduma wengi huziweka kabla ya kukata, hazisogezi chochote. Zinachelewesha adhabu tu.

10. Nikilipa mapema, au nikilipia miezi mitatu kwa mara moja?

Fedha hukaa kwenye akaunti yako kama salio, na kila kipindi kinapoanza mfumo hukata ada yake. Tarehe ya msingi haibadiliki. Angalia jambo moja: ada ikipanda kabla salio halijaisha, miezi iliyobaki itakatwa kwa ada ipi? Kama hukupewa ankara ya miezi mitatu yenye kiwango kilichotajwa, ulichonacho ni salio la kawaida, na mtoa huduma anaweza kukata kwa ada mpya. Dai ankara.

11. Nimelipa nusu. Imelipia nusu ya mwezi?

Hapana. Malipo pungufu hupunguza deni, kwa kawaida kuanzia ankara ya zamani zaidi. Ukiwa na ankara mbili za 30,000 na ukalipa 40,000, ya kwanza imefungwa na ya pili imebaki na 20,000. Ukitaka fedha ziende kwenye ankara fulani, andika namba yake wakati wa kulipa.

12. Malipo ya kila mwezi yanaweza kukatwa yenyewe kwenye simu?

Inategemea njia. Kadi ya benki iliyosajiliwa huruhusu mtoa huduma kuvuta fedha kila kipindi, na kama ankara imepanda, atavuta kiasi kipya. Ombi la malipo linalotokea kwenye simu na kukutaka uweke PIN halijiendeshi: kila kipindi ni uamuzi wako upya, na usipoweka PIN hakuna kilicholipwa, hata kama mtoa huduma ameandika "malipo ya moja kwa moja" kwenye tovuti yake.

Njia ya tatu ni agizo la kudumu, kama M-Pesa Ratiba iliyoanzishwa Kenya mwaka 2024, ambapo mteja mwenyewe hupanga kiasi, tarehe na mara ngapi fedha zitumwe. Hapa kuna mtego unaowapata watu wazima na akili zao. Agizo hutuma kiasi ulichopanga, wala halijui ankara inasema nini. Ada ikipanda kutoka 2,000 hadi 2,200, agizo litaendelea kutuma 2,000, deni litajikusanya 200 kila mwezi, na siku moja huduma itakatwa ilhali ujumbe wa simu unaonyesha kila malipo yamepita. Vilevile, ukivunja mkataba bila kufuta agizo, fedha zitaendelea kwenda. Weka tarehe ya agizo siku moja au mbili kabla ya mwisho wa kulipa, ili kukiwa na hitilafu ya mtandao bado una nafasi.

## Mabadiliko katikati ya kipindi

13. Bili yangu ya kwanza ni ndogo kuliko ada niliyoambiwa. Kuna makosa?

Huenda mtoa huduma anawatoza wateja wote tarehe 1. Aliyeunganishwa 18 Juni kwa ada ya 60,000 ana siku 13 za Juni, hivyo bili ya kwanza ni 60,000 × 13 ÷ 30, yaani 26,000. Kuanzia 1 Julai atalipa ada kamili. Mpango huu humrahisishia mhasibu na humwondolea mteja matatizo ya swali la 6, ingawa mtoa huduma hupokea simu zote za malalamiko katika wiki moja.

Wapo wanaodai bili ya kwanza pamoja na ya pili kwa mkupuo: 86,000 siku ya kuunganishwa. Kama ndivyo, mteja aambiwe kabla fundi hajafika mlangoni.

14. Nimehamia kifurushi cha juu katikati ya mwezi. Tofauti inahesabiwaje?

Njia ya kawaida ni kurudisha sehemu ambayo haijatumika ya ada ya zamani na kutoza sehemu hiyohiyo kwa ada mpya. Tuseme kipindi ni 1 hadi 30 Aprili, ada ya zamani ni 30,000 na mpya ni 45,000, na umehama mwanzo wa 11 Aprili. Zimebaki siku 20 kati ya 30. Unarudishiwa 20,000, unatozwa 30,000, unalipa 10,000 ya nyongeza. Kuanzia 1 Mei ni 45,000.

Gawanyo lifuate siku halisi za kipindi husika. Ada ya 30,000 ni sawa na 1,071.43 kwa siku mwezi wa siku 28, na 967.74 mwezi wa siku 31. Mtoa huduma anayegawanya kila mwezi kwa 30 hatawapata wateja wanaolalamika Aprili. Watakuja Februari, wakati hesabu ya siku zote 28 inatoa 28,000 badala ya 30,000. Njia zote mbili zinakubalika, lakini ni lazima ichaguliwe moja na iandikwe.

Kushuka kwenda kifurushi cha chini hushughulikiwa tofauti. Wengi huruhusu mabadiliko yaanze kipindi kinachofuata, bila kurudisha kitu, na hilo ni busara: vinginevyo mteja angeweza kupanda siku moja kabla ya mechi na kushuka kesho yake.

15. Nasafiri miezi miwili. Naweza kusimamisha huduma bila kuvunja mkataba?

Kama mkataba unaruhusu, ndiyo. Uliza maswali mawili: kama kuna ada ya kusimamisha, na kama tarehe ya msingi itabaki ileile utakaporudi au itaanza upya. Ikibaki, kipindi cha kurudi kitakuwa kifupi na kihesabiwe kama swali la 13. Ikianza upya, utapata tarehe mpya ya bili, na agizo la kudumu (swali la 12) litahitaji kupangwa tena.

## Kumaliza mkataba

16. Nimeacha kulipa na nimeacha kutumia. Mkataba umeisha?

Haujaisha. Mtoa huduma anaweza kuuvunja kwa sababu hujalipa, lakini mpaka afanye hivyo, au mpaka utoe notisi, vipindi vinaendelea kuzaliana na kila kimoja kinaleta ankara. Watu hushtuka kupata madai ya miezi sita kwa kifaa walichokichomoa ukutani zamani. Toa notisi kwa maandishi na uhifadhi uthibitisho wa kupokelewa.

17. Nimetoa notisi 10 Mei na kipindi changu ni 5 hadi 4. Mwisho ni lini?

Soma kifungu cha notisi neno kwa neno, kwa maana hapa sentensi mbili zinazofanana hutoa majibu yanayotofautiana karibu mwezi mzima.

Kama kinasema "siku 30 tangu notisi kupokelewa", mkataba unaisha 9 Juni. Kipindi cha 5 Mei kinalipwa chote, na cha 5 Juni kinalipwa siku tano tu. Kama kinasema "notisi ya siku 30 kabla ya mwisho wa kipindi cha bili", basi kutoka 10 Mei hadi 4 Juni ni siku 25, hazitoshi, na mkataba unaendelea hadi 4 Julai. Notisi hiyohiyo ingetumwa 4 Mei ungemaliza 4 Juni.

18. Nilikuwa nimelipa mwaka mzima. Narudishiwa?

Haki ya kurudishiwa hutoka kwenye mkataba au sheria ya nchi, si kwenye hesabu ya vipindi. Mikataba mingi ya mwaka humruhusu mteja kuondoka lakini huduma hubaki wazi hadi mwisho wa kipindi kilicholipiwa. Inaporuhusu kurejesha, uliza kama punguzo la kulipa mwaka litafutwa kwanza: ada ya mwezi ikiwa 30,000 na ya mwaka 300,000, anayeondoka baada ya miezi minne huenda akarudishiwa 200,000 au 180,000, kutegemea miezi hiyo imehesabiwa kwa bei ipi.

19. Ndugu yangu Ujerumani anasema huko mkataba haujirudii mwaka mzima. Ni kweli?

Ni kweli kwa mikataba ya watumiaji iliyofungwa tangu 1 Machi 2022. Muda wa awali ukiisha, mkataba unaweza tu kuendelea bila ukomo, na mteja anaweza kuumaliza wakati wowote kwa notisi isiyozidi mwezi mmoja. Tangu 1 Julai 2022, mikataba inayofungwa mtandaoni huko lazima pia iwe na kitufe cha kuvunja mkataba kwenye tovuti. Mikataba ya zamani inafuata masharti yake ya awali.

## Kwa watoa huduma

20. Nataka kupandisha ada. Naianzisha lini?

Mwanzoni mwa kipindi kinachofuata baada ya muda wa notisi kuisha, kwa kila mteja kulingana na tarehe yake. Kupandisha katikati ya kipindi kilicholipiwa ni kubadilisha bei ya kitu kilichokwisha kuuzwa. Notisi ya ada iwe ndefu kuliko notisi ya kuvunja mkataba, ili asiyekubali aweze kuondoka kabla ada mpya haijamfikia. Wakumbushe wateja wenye agizo la kudumu walibadilishe.

21. Kiwango cha VAT kikibadilika katikati ya kipindi, natumia kipi?

Kenya ilipitia hali hii mara mbili: VAT ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Chukua kipindi cha 15 Desemba 2020 hadi 14 Januari 2021 kwa ada ya 10,000. Kwa kanuni ya jumla ya sheria ya VAT ya Kenya, kodi huzaliwa kwa tukio linalotangulia kati ya huduma kutolewa, ankara kutolewa na malipo kupokelewa. Aliyetoa ankara 15 Desemba alitoza 1,400. Aliyedai mwishoni mwa kipindi, kwa ankara na malipo ya 15 Januari, alikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu huduma yenyewe ilikuwa imevuka mwaka. Hii ni sababu moja ya kudai mwanzoni mwa kipindi pale ada inapojulikana. Mabadiliko ya aina hii yakitangazwa, mshirikishe mshauri wa kodi kabla ya kutoa ankara za mwezi wa mpito, kwani kuzirekebisha baadaye mteja akiwa ameshadai kodi yake ni kazi ya wiki nzima.

22. Mteja amelipa mwaka mzima. Fedha zote ni mapato ya mwezi huu?

Kwenye benki ndiyo, kwenye vitabu hapana. Chini ya IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu mapato, mapato hutambuliwa kadiri huduma inavyotolewa. Aliyelipa 360,000 tarehe 1 Oktoba, na mwaka wako wa hesabu ukiisha 31 Desemba, amekupa mapato ya 90,000. Zile 270,000 ni deni la huduma unalodaiwa.

23. Tunahamia mfumo mpya wa bili. Tubebe taarifa gani?

Bebeni tarehe ya msingi ya kila mteja kama ilivyokuwa siku ya kwanza, tarehe ya mwisho ya kipindi kilichokwisha kulipwa, salio, na saa za eneo. Wengi hubeba "tarehe ya bili ijayo" peke yake. Uhamisho ukifanyika Februari, mteja wa tarehe 29, 30 na 31 wote wataingia kwenye mfumo mpya wakiwa na tarehe 28, na taarifa ya awali haitapatikana tena ila kwa kupekua ankara za zamani moja baada ya nyingine. Kabla ya kuzima mfumo wa zamani, toeni ankara za majaribio za miezi 13 mbele kwa wateja wachache wa tarehe za mwisho wa mwezi, mkilinganisha mifumo yote miwili mstari kwa mstari.